Shina la boga kubwa limepasuka: chunguza ufa kabla ya kushika kisu

Mtu akikuta shina kuu la boga lake limechanika, la kwanza analokimbilia ni kulifunga. Anatafuta kitambaa, selotepu, mfuko wa plastiki, hata udongo wa mfinyanzi, analizungushia jeraha mpaka lisionekane tena. Siku chache baadaye majani yote ya mbele yananyauka, na lawama unatupiwa ufa. Mara nyingi ufa hauna hatia. Shina la boga lina uwazi katikati, na kinachoua mmea ni maji yaliyonaswa humo ndani pamoja na uozo unaofuata. Aliyefunga jeraha ndiye aliyeufungia uozo ndani.

Ninayoeleza hapa yanamhusu anayelima boga la kupimana ukubwa katika ukanda huu wa Ziwa Victoria, iwe Igombe, Kayenze, Kisesa, Magu, Sengerema au Ukerewe. Mbegu inayotumika kwa kazi hiyo duniani kote ni ya jamii ya Cucurbita maxima, hasa Dill's Atlantic Giant, aliyoiendeleza mkulima Howard Dill huko Windsor, Nova Scotia, Kanada. Kule mwezi Juni jua hukaa angani zaidi ya saa 15. Hapa Mwanza tuna saa 12 hivi mwaka mzima, na usiku wetu ni wa joto, kwa hiyo usijipimie kwa boga la kilo 1,247 lililoweka rekodi ya dunia Marekani mwaka 2023. Lakini pupa ya kukua mbegu imekuja nayo. Mahali panapoipendeza, tunda moja huweza kuongeza kilo 15 hata 20 kwa siku, na vyote hivyo vinapita kwenye shina moja. Shina linalonenepa kwa mwendo huo lazima siku moja lichanike mahali. Boga letu la kienyeji nalo hupasuka, ila kwa nadra, na matibabu ni yaleyale.

Kabla ya kugusa chochote, angalia mwelekeo wa ufa. Ndani ya shina mna mafungu ya mishipa, kwa kawaida kumi, matano kwa nje na matano kwa ndani, yote yakienda kwa urefu. Ufa wa urefu hupita katikati ya mafungu hayo na huacha mengi yakiwa mazima. Hata ufa wa sentimita 30 unaotisha macho huenda haujakata kitu cha maana. Mkato wa kukingama, hata wa sentimita mbili, unaweza kuwa umekata nusu ya mishipa.

Kisha rudi shambani alfajiri. Majani ya boga hulegea saa saba mchana kwa sababu ya jua, na hilo ni la kawaida. Yakiwa yamesimama vizuri saa kumi na mbili asubuhi, maji yanapita, na una muda wa kufikiri. Yakiwa yamelala alfajiri, na ni yale tu yaliyo mbele ya jeraha, njia imekatika. Yakilala mmea mzima, tatizo liko kwenye mizizi au kitako cha shina, hata kama ufa uliouona uko mbali.

Ufa mkavu wa urefu, umetokea ghafla asubuhi

Huu ndio unaoonekana zaidi, na ndio usio na madhara makubwa. Unaukuta baada ya mvua ya kwanza kubwa ya vuli, au asubuhi baada ya mtu kufungulia pampu shamba lililokaa na kiu wiki nzima. Wakati wa kiu ngozi ya shina hukomaa na kuwa ngumu. Maji yakija mengi kwa mpigo, mizizi huyavuta usiku kucha wakati majani hayapumui maji nje, shina linajaa na kubanwa kutoka ndani, ngozi iliyokwisha kukaza haiwezi kutanuka, inaachia. Ndiyo maana unaupata asubuhi.

Inama uuangalie kwa karibu. Ndani kuwe na rangi ya krimu au kijani kibichi, kusiwe na harufu. Pembezoni kutatoka matone ya utomvu usio na rangi. Yakipigwa na hewa hugeuka jeli, kisha hukauka na kuwa na rangi ya asali. Usiyafute wala usiyaogope, mmea unajiziba wenyewe. Baada ya siku kadhaa kingo zitafanya gamba gumu la kahawia hafifu, na hapo jeraha limepona, hata kama pande mbili hazikukutana tena. Hazitakutana.

Kazi yako ni kuliweka kavu tu. Ondoa jani moja au mawili yanayolifunika ili upepo wa ziwa upite. Kama ufa unatazama juu na mvua iko njiani, weka kipande cha bati au ubao juu yake kikiwa kimeinuliwa kwa mawe, kisiguse shina. Kama maji yameshaingia kwenye uwazi, yanyonye kwa kitambaa safi au pamba. Halafu paka kwa brashi ndogo unga wa salfa, au dawa ya kopa iliyokorogwa kuwa uji mzito, kwenye kingo tu. Salfa usiitupe kwenye majani, hasa jua likiwa kali, kwa sababu huyaunguza. Asiye na dawa apake jivu kavu lililochekechwa, ambalo halimshindi fangasi lakini linakausha.

Jeraha linanata, limezungukwa na kahawia

Hapa wengi hukosea, kwa sababu utomvu wa jeraha salama na gundi ya ugonjwa vinafanana kwa mbali. Tofauti iko kwenye nyama inayozunguka. Gundi ya ugonjwa wa fangasi hutoka mahali palipokuwa na doa lililolowa, likageuka kahawia kisha kijivu, na ukilisogeza jicho utaona vidoa vyeusi vidogo sana vimetawanyika juu ya sehemu iliyokufa. Vidoa hivyo ni vifuko vya mbegu za fangasi. Mara nyingi majani ya karibu nayo yana mabaka ya kahawia yanayoanzia ukingoni. Katika hali hii ufa umekuja baadaye: ugonjwa ulikausha ngozi, ngozi ikapasuka.

Subiri siku kavu. Kwa wembe mpya kwangua sehemu iliyokufa mpaka ufike kwenye kijani, ukiufuta wembe kwa spiriti kila baada ya mkwaruzo. Pakaa kopa. Majani yenye mabaka yachomwe moto, usiyatupe kwenye mboji. Mmea mzima unahitaji kinga ya dawa, mankozebu au kopa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na acha kabisa kumwagilia kwa juu. Maboga, matango na matikiti yote hupata ugonjwa huu, kwa hiyo ukipanda boga palipotoka tikiti msimu uliopita umejipandia matatizo.

Kitako cha shina kimechanika, kinatoa povu

Kitako, yaani pale shina linapotoka ardhini, ndiyo sehemu ya zamani na ngumu kuliko zote. Huchanika kwa sababu zilezile za maji, na pia kwa upepo. Dhoruba za mwanzo wa mvua huku kwetu huja na upepo wa kuvunja migomba, na mche ambao haujatambaa vizuri hugeuzwa na kupindwa shingo.

Ufa mkavu hapa unatibiwa kama wa kwanza. Wenye povu jeupe, ute na harufu ya kitu kilichochacha ni kazi ya bakteria, na huo hausubiri kesho. Fukua udongo na matandazo yote yaliyogusa shingo. Watu wa mwambao tunapenda kutandaza magugu maji yaliyovunwa ziwani, na ni matandazo mazuri sana yakikauka. Mabichi yakigusa shina huligeuza bwawa. Yakae mbali na shingo kwa upana wa viganja viwili.

Chota na kukwangua nyama yote laini. Kijiko cha chai kinafaa kuliko kisu kwa sababu hakiingii kwenye nyama ngumu yenye afya. Safisha kwa dawa ya kufulia ya klorini, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, acha dakika chache, kausha kwa kitambaa, paka kopa. Ikiwa tundu lililobaki linaweza kutuama maji, toboa mlango upande wa chini ili yatoke. Huko ughaibuni huweka feni ya umeme ipulize kwenye kitako usiku na mchana. Sisi tuna upepo wa ziwa kila alasiri, kinachotakiwa ni kuufungulia njia kwa kuondoa majani yanayozunguka shingo. Majani hayo ya zamani mmea hauyategemei tena.

Kitakachouokoa mmea baada ya hapo ni mizizi ya vifundo. Kila kifundo cha shina linalotambaa, yaani pale jani linapotokea, kina uwezo wa kutoa mizizi kikiguswa na udongo wenye unyevu. Anayefukia vifundo tangu mwanzo, kifundo kwa kifundo, kwa viganja viwili vya udongo uliochanganywa na samadi iliyoiva, ana mmea unaokunywa kwa midomo mingi. Kitako kinaweza kuoza chote na tunda likaendelea kunenepa. Asiyefukia ana mdomo mmoja tu, na huo ndio unaotoa povu. Ningeambiwa nichague kinga moja kati ya zote zilizomo humu, ningechagua hii na kuziacha nyingine.

Pamechanika pale tunda lilipoungana na shina

Huu ufa ndio unaoumiza roho, kwa sababu unakuja boga likiwa limeshanenepa na majirani wameshaanza kuja kulitazama. Mabega ya tunda yanapopanda juu huliinua shina, na shina lililoshikiliwa na mizizi pande zote mbili haliwezi kufuata. Kikonyo kinavutwa, kisha kinachanika kwenye kiungo.

Dawa yake ni ya mapema, tunda likiwa dogo kuliko mpira wa miguu. Lielekeze taratibu ili kikonyo kifanye pembe ya mraba na shina, si kulala kulifuata. Sogeza kidogo tu kila siku, na usogeze alasiri. Asubuhi shina limejaa maji na hukatika kwa mguso. Saa tisa au kumi limelegea na linakubali kupinda. Kazi nyingi za shamba tunazifanya kabla jua halijawa kali, hii ni ya kinyume. Vifundo vilivyo karibu na tunda, mita moja hivi kila upande, visifukiwe, na kama vimeshatoa mizizi, ikate ili shina liwe huru kunyanyuka. Tunda likae juu ya tabaka la mchanga, linateleza lenyewe linapotanuka na haligusi tope.

Kama tayari pamechanika, kata mizizi hiyo sasa, weka kitu laini kama gunia lililokunjwa chini ya shina ili lisining'inie, na lifunike tunda kwa shuka lililoinuliwa kwenye miti, tunda na jeraha vikae kivulini. Punguza maji kwa theluthi kwa siku chache. Ufa wa kikonyo ukibaki juu juu, mavuno yapo. Ukipenya mpaka kwenye uwazi wa tunda lenyewe, nenda moja kwa moja sehemu ya mwisho ya maelezo haya.

Shina limekuwa bapa

Wakati mwingine shina kuu huacha umbo la duara, likawa pana na bapa kama mkanda wa suruali, majani yamesongamana juu yake, na katikati likachanika lenyewe. Ncha ya kukua imeharibika umbo. Baadhi ya mbegu zina tabia hiyo kuliko nyingine. Kama tunda halijashika, kata mpaka sehemu ya mwisho iliyo duara na uliteue tawi moja la pembeni liwe shina kuu. Kama tunda limeshashika, liache lilivyo.

Kuna tundu, na unga wa mbao chini yake

Ufa mfupi wenye tundu la mviringo na unga wa kahawia uliolowa ni wa funza aliye ndani. Ukisoma maelezo ya Wamarekani utakuta wanamlaumu nondo mmoja wa kwao, lakini nondo huyo hayupo kwetu. Huku huwa ni funza wa mbawakawa anayetoboa mashina, au wa nzi wa matunda wanaosumbua jamii ya maboga, ambao wakikosa tunda hutaga hata kwenye shina changa. Pasua kwa wembe kwa urefu, kamwe usikingamishe, mpaka umpate. Mtoe, kausha, acha wazi. Fukia vifundo viwili vya nyuma na viwili vya mbele ya jeraha, lakini jeraha lenyewe lisiguse udongo mpaka lifanye gamba.

Mikono, kwato na kiboko

Majani ya maboga ni mboga, na mmea wenye majani mapana hivi hauwezi kukaa karibu na nyumba bila kutembelewa. Mama jirani atapita asubuhi: "Mwanangu, niachie majani kidogo ya mchana." Huwezi kumnyima, na kwa kweli hakuna haja. Kikonyo cha jani nacho kina uwazi. Kikivunjwa juu kinabaki kisiki kilichosimama wazi, mvua inakijaza, uozo unashuka mpaka kwenye shina kuu. Mwekee matawi mawili ya pembeni yawe ya mboga, na mwonyeshe ni yapi: "Mama, chuma haya, ila hili linaloelekea kwenye boga tuliache." Ataelewa haraka kuliko bwana shamba.

Mbuzi na ng'ombe huvunja kwa kukingamisha. Hapo ndipo pekee kufunga kunaruhusiwa: weka vijiti viwili pande zote, funga kwa vitambaa laini juu na chini ya jeraha, jeraha lenyewe likiwa wazi, na fukia vifundo vya mbele leo hii, usingoje kesho. Kiboko akipita usiku hakuna la kutibu. Na kama anapita kila usiku, huenda shamba liko karibu mno na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira zikae mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa, na kiboko bila kuisoma anakubaliana nayo.

Shina linapasuka tena na tena

Ufa mpya ukitokea kila wiki, acha kupaka dawa na uangalie ndoo na mbolea zako.

Mmea uliotanda mita za mraba 50 kwenye siku ya jua hupoteza karibu milimita tano za maji. Hizo ni lita 250, madumu 12 na nusu ya lita 20. Udongo wa luseni, ule mchanga mwepesi wa kando ya miamba, hauwezi kutunza kiasi hicho. Ukimwaga yote Jumamosi, Jumanne mmea una kiu na Jumamosi nyingine unapasuka. Gawa kila siku, asubuhi mapema. Udongo mweusi wa mbugani una kasoro ya upande wa pili: unatunza maji mpaka mizizi inakosa hewa, na ukikauka unapasuka wenyewe na kukata mizizi. Huko inua tuta na umwagilie kwa nafasi zaidi. Kote kuwili, tia kidole ardhini kabla ya kufungulia maji. Mvua ikinyesha usiku, kumwagilia kwa sababu tu ni zamu yako ni kutafuta ufa.

Yurea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Ukiiweka baada ya tunda kushika, shina linapata nyama laini nyingi bila ukuta wa kuishikilia. Acha Yurea ncha ya shina inapovuka mita mbili hivi. Kama mmea bado una njaa ya naitrojeni, mbolea ya CAN ni bora kwa sababu inakuja na kalsiamu inayoimarisha kuta za seli, na mchanga wetu kwa kawaida hauna kalsiamu ya kutosha. Baada ya tunda kushika kinachohitajika zaidi ni potashi. Samadi mbichi ya zizini usiikaribishe kabisa.

Lini kukubali na kukata tunda

Zungushia boga futi ya fundi cherehani kila asubuhi, mahali palepale, na andika. Likisimama siku nne au tano mfululizo wakati maji yapo na majani ni mazima, jeraha limeshinda. Likiwa bado linaongezeka, hata kidogo, usikate, hata shina liwe na sura mbaya namna gani.

Isipokuwa kwa jambo moja. Uozo ukiingia kwenye kikonyo, kata tunda siku hiyohiyo. Bonyeza kikonyo kwa kidole gumba. Kikizama, umeshachelewa kidogo. Kata shina pande zote mbili za kikonyo kwa sentimita kumi hivi, geuza tunda ili kikonyo kielekee chini maji yachuruzike, na fungua boga mapema. Boga la namna hii halikai ghalani. Lina maji mengi na utamu mdogo, linafaa zaidi kwa supu yenye tangawizi au kuchanganywa na maharage kuliko kuchemshwa likaliwa na chai. Mbegu zioshe, zianike kivulini juu ya kipande cha chandarua mpaka zivunjike zikikunjwa. Kama shina lililolibeba lilikuwa bapa, hizo kaanga mle, usipande.